Umri Wako Umepita: Kisa cha Hajati wa Luweero

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 69, mjane, mama wa watoto tisa, Mnubi (jamii ya Waislamu wa Uganda wenye asili ya Sudan) wa wilaya ya Luweero, kandokando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu. Tumwite Hajati. Ndivyo anavyoitwa mtaani, na kwa kuwa huko Mahajati ni wengi, siri yake haitoki hapa. Mambo mengine machache ya kumtambulisha nimeyageuza, naye amekubali kisa kiandikwe.

Aliletwa kwenye kituo chetu cha afya cha daraja la nne kwa bodaboda, yeye katikati, mkamwana wake nyuma akimshikilia kiuno. Alikuwa ameanguka akitawadha alfajiri. Midomo imepauka, moyo unakwenda mbio, mguu wa kushoto umevimba kuliko wa kulia. Tulipompima damu, hemoglobini ilikuwa 5.4, na mwanamke wa umri wake anatakiwa awe na 12 au zaidi. Wanawe wawili waliofuata kwa pikipiki ya pili walikuwa na jibu lao tayari: ni presha, maana mama ana presha ya miaka mingi na dawa huziruka. Mmoja akaongeza kwamba mtu wa karibu miaka 70 akianguka si jambo la kushangaza.

Mkunga wa zamu aliwatoa wanaume nje, akavuta pazia, akamwuliza: "Mama, kuna mahali unatokwa na damu?"

"Natokwa. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimewaambia wote."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Katika mafunzo na mikutano yetu ya afya tumezoea kusema wazee wetu wana haya, wanaficha magonjwa ya sehemu za siri mpaka yaharibike. Mara nyingi ni kweli. Kwa Hajati haikuwa kweli. Daftari lake (Uganda mgonjwa hutembea na daftari la shule, ndilo faili lake la matibabu) pamoja na maelezo ya mkamwana vinaonyesha kwamba alisema, akasema tena, kwa watu tofauti. Kila mmoja alimjibu. Ila kila mmoja alijibu lile swali lililokuwa karibu na kazi yake, na damu ikaendelea kutoka.

Swali la kwanza lilikuwa la funga

Hedhi ya Hajati ilikoma alipokuwa na miaka hamsini na kidogo. Alipoona madoa kwenye nguo ya ndani mchana wa Ramadhani, hakuwaza ugonjwa. Aliwaza funga yake. Kwa mwanamke anayeshika dini, damu katikati ya mwezi mtukufu ni suala la ibada kabla haijawa suala la hospitali, na halingojei kesho. Alikwenda kwa mwalimu wa darasa la akina mama, akaambiwa kwamba hiyo si hedhi, ni istihadha: afunge, aswali, atawadhe kwa kila swala. Akarudi nyumbani ametulia.

Sioni sababu ya kumlaumu mwalimu yule. Aliulizwa jambo la fikihi akajibu la fikihi. Lakini mafundisho hayohayo yanaitenga damu hiyo na hedhi na kuiita damu ya mshipa, yaani yamekwisha kukubali kwamba hii si ada ya mwili. Kutoka hapo kwenda kwa daktari ni hatua moja tu, na hakuna aliyemsogeza. Baadaye tulipozungumza na walimu wa akina mama wa eneo lile, hatukupata ubishi wowote. Walikubali kuongeza sentensi moja kwenye jibu lao la siku zote: ibada yako ni sahihi, na kesho nenda ukachunguzwe.

Kanuni ya kitabibu ni fupi. Mwanamke aliyekaa miezi 12 bila hedhi, kisha akatokwa na damu ukeni, hata tone, hata mara moja, anahitaji kuchunguzwa. Haijalishi damu ni nyingi au kidogo, nyekundu au ya rangi ya kahawia. Wengi wao hawatakuwa na saratani. Mara nyingi ni ngozi ya uke iliyokonda kwa kupungua kwa homoni, au kinyama kidogo kilichoota. Lakini kwa macho ya nyumbani hakuna anayeweza kutofautisha, na katika nchi ambamo saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, jambo la kwanza la kuondoa kwenye hesabu ni hiyo. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yalitaja karibu wagonjwa wapya 7,000 wa saratani hiyo nchini Uganda na vifo zaidi ya 4,000.

Dawa zilizofanya kazi

Baada ya Idi kubwa madoa yaliongezewa majimaji, kisha majimaji yakaanza kunuka. Hajati alimtuma mkamwana kwenye duka la dawa. Muuzaji alisikia habari za uchafu wenye harufu ukeni, akatoa metronidazoli na doksisaiklini, kama ambavyo angempa mwanamke wa miaka 25.

Na dawa zilifanya kazi. Hapa ndipo watu wengi hupotezwa, hata sisi wenye makoti meupe. Uvimbe wa saratani ukikua kupita uwezo wa mishipa yake ya damu, sehemu ya juu hufa, na kwenye nyama iliyokufa bakteria wasiotaka hewa hustawi. Hao ndio wanaotoa harufu. Metronidazoli inawaua hao bakteria, harufu inapungua ndani ya siku chache, mgonjwa anashukuru, na uvimbe unabaki kama ulivyokuwa. Hajati alinunua dawa hizo mara kadhaa. Kila mara zilimpa nafuu, na kila nafuu ilimhakikishia kwamba alikuwa akitibiwa ugonjwa wenyewe.

Muuzaji hakuuliza umri wa mgonjwa. Mkamwana naye, kwa heshima, hakusema dawa ni za nani.

Mkojo wenye damu

Kila mwezi Hajati alikwenda kituo cha afya cha daraja la tatu kuchukua dawa za presha. Siku moja alimwambia musawo (mhudumu wa afya) kwamba akikojoa anaona damu, na kiuno kinamuuma. Alipewa kikopo. Karatasi ya kupimia mkojo ikaonyesha damu na chembe nyeupe. Kwenye daftari, kwa wino wa buluu, imeandikwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na siprofloksasini. Kurasa chache mbele, mwandiko mwingine, wino mweusi: UTI, antibayotiki nyingine. Kisha tena.

Mwanamke anayetokwa na damu ukeni akikojolea kikopo, damu ya ukeni huingia kwenye kikopo. Chembe nyeupe nazo huingia na yale majimaji. Kipimo hakikudanganya: damu ilikuwemo. Ila hakiwezi kusema imetoka mlango gani. Cha kufanya kilikuwa kumlaza kitandani, kuingiza spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, na kutazama, kazi ya dakika tano. Najua visingizio vyote vya kwa nini haikufanyika, na vingine si visingizio: chumba kimoja hakina mlango, taa hakuna, foleni ya malaria inafika nje, na aliyekuwa zamu ni kijana wa kiume wa miaka 24 mbele ya mama anayelingana na bibi yake. Lakini mtu aliyetibiwa UTI mara tatu, na damu haijakoma, huyo hana UTI mpaka ithibitishwe vinginevyo. Antibayotiki ya tatu ilipaswa kuwa karatasi ya rufaa.

Jambo linaloniudhi zaidi katika daftari hili ni ukurasa wa presha wenyewe. Umejazwa vizuri mno. Kila mwezi kuna tarehe, kipimo cha presha, uzito. Uzito ulianza kwenye kilo 71 ukashuka taratibu mpaka 58. Mtu aliandika namba hizo moja chini ya nyingine, safu imenyooka, na hakuna aliyeisoma kutoka juu kwenda chini. Mtu mzima anayepungua kilo 13 ndani ya mwaka mmoja bila kujinyima chakula anatangaza ugonjwa hata kama hajafungua mdomo.

Kwenye hema

Kisha ikaja kambi ya upimaji. Gari la matangazo lilipita mitaani: akina mama wote njooni mpimwe kansa ya mlango wa kizazi, bure. Hajati alisikia neno "wote". Alivaa vizuri, akafuatana na mkamwana wake mwenye miaka 37.

Kwenye meza ya kuandikisha majina alikuwepo kijana wa kujitolea. Hajati alimwambia, "Mwanangu, mimi nina shida huko chini." Kijana aliuliza umri, akaangalia karatasi yake, akasema kwa adabu kabisa: "Jjajja, hii ni ya miaka 25 hadi 49. Umri wako umepita."

Mkamwana alipimwa. Alikutwa na doa jeupe, akatibiwa palepale kwa kifaa cha joto kinachochoma sehemu yenye mabadiliko, akapewa tarehe ya kurudi. Maana yake kambi ilifanya kazi iliyoletwa kufanya, na pengine imemwepusha mwanamke yule na saratani ya miaka kumi ijayo. Hajati alimsubiri kwenye benchi chini ya mwembe, kisha wakarudi nyumbani pamoja.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kosa la meza ile ni gumu kuliko linavyoonekana. Kijana hakubuni ile mipaka ya umri. Kipimo kinachotumika sana katika kambi zetu ni cha siki: mlango wa kizazi unapakwa asidi ya asetiki iliyozimuliwa, mkunga anasubiri kama dakika moja, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia kwenye ukanda ambapo ngozi ya nje inakutana na utando wa ndani. Kwa mwanamke anayepata hedhi, ukanda huo mara nyingi uko nje na unaonekana. Hedhi ikikoma, hujivuta ndani ya mfereji. Ukipaka siki hapo unasoma ukuta wakati maandishi yako chumba cha pili. Jibu "hana kitu" kwa bibi wa miaka 69 linaweza kuwa baya kuliko kutompima, kwa maana litamrudisha nyumbani akiwa na cheti cha uzima.

Basi kijana alikuwa na haki ya kutompaka siki. Hakuwa na haki ya kumwambia arudi nyumbani, ingawa hakuna aliyekuwa amemfundisha tofauti. Mipaka ya umri katika programu za upimaji imewekwa kwa ajili ya watu wasio na dalili yoyote. Inajibu swali la hesabu: kati ya wanawake maelfu wanaojisikia wazima, tukiwapima wa umri gani tutaokoa wengi kwa fedha tulizo nazo? Mtu aliyekwisha kutokwa na damu ametoka kwenye hesabu hiyo. Ni mgonjwa, na mgonjwa hana kikomo cha umri. Kwenye meza ile lilihitajika swali moja kabla ya swali la umri, na njia ya pili ya kumpitisha atakayejibu ndiyo: huyu asisimame kwenye foleni ya siki, aandikiwe rufaa leo.

Mkanganyiko huu hauko kwa akina mama tu. Mzee wa miaka 78 asiye na shida yoyote hafaidiki sana kwa kupimwa PSA, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume. Jopo la Marekani linalotoa ushauri wa upimaji lilisema hivyo mwaka 2018, kwamba wenye miaka 70 na zaidi wasipimwe kwa mtindo huo. Wako wanaolisikia hilo wakadhani mzee hana haja tena na habari za tezi dume. Mzee huyohuyo akianza kukojoa kwa kukamua, mgongo unamuuma usiku amelala, na asubuhi moja miguu inakuwa mizito, hiyo ni dharura ya siku ileile, kwa sababu saratani ikibana uti wa mgongo miguu inaweza isirudi. Vilevile bibi aliyeacha nyama, baadaye akaacha posho (ugali), na sasa anakunywa uji mtupu. Familia inasema meno. Mwulize kama chakula kinakwama kifuani. Kikikwama, koo linahitaji kutazamwa kwa kamera, na hakuna atakayeuliza kama umri wake uko kwenye programu, kwa kuwa kwa koo programu haipo kabisa.

Kizazi kilichopitwa

Hajati alizaliwa mwaka 1954, kwa mujibu wa kitambulisho cha taifa. Aliolewa akiwa na miaka 16. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, familia yake ilikimbia pamoja na Wanubi wengine wengi, na watoto wake wawili walizaliwa ng'ambo ya mpaka wa Sudan, kwa mkunga wa jadi. Kuzaa mapema na kuzaa mara nyingi ni mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya saratani hii, juu ya sababu yenyewe ambayo ni virusi vya HPV vinavyokaa mwilini miaka bila kuondoka.

Chanjo ya HPV iliingia kwenye ratiba ya kawaida ya Uganda mwaka 2015, kwa wasichana wa miaka 10. Wajukuu wa Hajati wameipata shuleni. Mpango wa kwanza wa kitaifa wa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ulitolewa mwaka 2010, na mwaka huo Hajati alikuwa na miaka 56, amekwisha kupita umri uliolengwa. Kwa hiyo kila kinga iliyoletwa nchini ilimkuta amevuka. Hakuna siku hata moja maishani mwake ambayo angeweza kuambiwa "umri wako umefika". Ninaposikia watu wakisema wanawake wazee hawapendi kupimwa, huwaza tarehe hizi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeliona pengo hilo: unataka wenye miaka 30 hadi 49 wapewe kipaumbele, lakini unasema pia kwamba wa miaka 50 hadi 65 ambao hawajawahi kupimwa wazingatiwe pale penye uwezo wa kuwahudumia. Kipimo kinachowafaa hao ni cha vinasaba vya HPV, ambacho mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Kinategemea mashine ya maabara, si macho ya mkunga, kwa hiyo mambo ya ukanda kujificha hayakisumbui sana.

Kilichoonekana

Turudi nyuma ya pazia. Mkunga aliingiza spekulamu taratibu. Hakukuwa na mlango wa kizazi wa kuonekana. Palikuwa na nyama kama koliflawa, inatoa damu ikiguswa kidogo tu. Kwa kidole alihisi ugumu umesambaa upande wa kushoto hadi ukuta wa nyonga. Hilo lilieleza mguu uliovimba, kwani uvimbe ulikuwa unabana njia za limfu na mishipa ya damu. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Tulimpima kwa sababu wanawake wenye VVU wana hatari ya saratani hii mara sita hivi zaidi, na kwa sababu mabibi husahauliwa katika kipimo hicho pia.

Aliongezewa damu, akaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilimani Mulago.

Wanawe walikataa. Ukali wao ulinishangaza mpaka nilipoelewa wanachokikataa. Mkubwa alisema: "Mashine ya Mulago imekufa. Tumpeleke mama akalale kwenye sakafu kwa ajili ya nini?" Mashine ya mionzi ilikufa kweli, mwaka 2016. Ilikuwa moja tu nchi nzima, ya tangu miaka ya 1990, na ilipogoma wagonjwa wa mionzi walikwama kwa zaidi ya mwaka. Baadhi walipelekwa Nairobi. Mpya ilifungwa mwishoni mwa 2017, na baadaye zikaongezwa nyingine. Habari ya kufa ilifika kila kijiji. Habari ya kufufuka haikutangazwa kwa nguvu ileile, na bado ninakutana na familia zinazoishi katika mwaka 2016.

Lilikuwepo na jingine, ambalo binti yake wa pili alilisema wazi kaka zake walipotoka: hawakujua waanzie wapi kuzungumza juu ya kizazi cha mama yao. Presha ya mama inazungumzika kwenye kikao. Hii haizungumziki. Tulikubaliana binti ndiye ashike daftari na kufuatana naye, kaka washike nauli na chakula, na kwenye kikao cha ukoo itajwe "uvimbe wa tumbo". Wako wenzangu wanaoona huku ni kuwaficha watu ukweli. Mimi naona kila aliyepaswa kuujua aliujua, mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mulago

Kipande cha nyama kilichokatwa kilithibitisha saratani ya mlango wa kizazi, ya aina inayotoka kwenye ngozi ya nje. Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha figo ya kushoto imejaa maji: uvimbe ulikuwa umeubana mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Hilo, pamoja na kufika ukuta wa nyonga, liliiweka saratani kwenye hatua ya tatu, kundi B. Kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ilikuwa 1.9, dalili kwamba figo zinaelemewa.

Kwa hatua hiyo upasuaji hausaidii. Tiba ya kawaida ni mionzi pamoja na dawa ya saratani iitwayo sisplatini kila wiki, lakini sisplatini huumiza figo, na figo za Hajati hazikuwa na akiba. Madaktari walichagua mionzi peke yake: vipindi 25, siku tano kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Walimweleza bila kuzunguka kwamba lengo la kwanza ni kukausha damu na kupunguza maumivu, na kwamba kupona kabisa si jambo wanaloliahidi.

Wiki tano za kwenda na kurudi kila siku kutoka Luweero kwa teksi zisingewezekana kwa mtu mwenye kiuno kile. Ndugu wa marehemu mumewe wana nyumba Kawempe, kwenye barabara hiyohiyo, karibu na Mulago, ndiko alikokaa. Mionzi katika taasisi ya serikali haikuwa ndiyo iliyoitikisa familia. Kilichoitikisa ni nauli, vipimo vya nje pale mashine fulani inapokuwa na foleni, chakula chepesi, na binti aliyefunga kibanda chake cha vitenge wiki zote hizo. Ruzuku ya wazee ya serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi, wakati huo ilianza mtu akifika miaka 80. Hapo umri wake ulikuwa haujafika.

Damu ilikoma wiki ya pili. Maumivu yalihitaji mofini ya maji. Kaka mkubwa aliogopa akidhani mofini hupewa anayekata roho, na ilibidi muuguzi wa huduma ya tulizo amweleze kwamba mama anaweza kuinywa miezi mingi huku akipika na kuswali. Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini tangu 2004, kwa hiyo sasa anaichukua kwenye kituo chetu bila kurudi Kampala. Ameongezeka kilo nne. Figo ya kushoto haikurudi sawasawa. Ana tarehe ya Mulago kila baada ya miezi mitatu.

Mdogo wake, mwenye miaka 64, alikuja kwetu kabla hata mionzi haijaisha. Alisema ameona doa mara moja, wiki iliyopita, na hataki kusubiri Ramadhani. Spekulamu ilionyesha ngozi nyembamba, kavu, yenye mikwaruzo, na mlango wa kizazi laini. Alipelekwa kupigwa picha ya kizazi, ukuta wa ndani ukawa mwembamba kama inavyotakiwa kwa umri wake. Amepewa krimu ya homoni na ameambiwa arudi siku yoyote atakapoona doa jingine. Kwenye daftari lake, ukurasa wa kwanza, mkunga ameandika kwa herufi kubwa mwaka hedhi ilipokoma, ili yeyote atakayelifungua ajue damu yoyote ya baada ya hapo inamaanisha nini.